ELIMU YA AFYA: DAWA IKISHAMEZWA HUENDA WAPI?

Somo letu la leo ni juu ya dawa. Hatutasoma orodha ya majina ya dawa. Tutasoma jambo moja tu: dawa ikishapita kooni, hufanya nini mwilini? Mtu akilijua jambo hili, hawezi tena kukatiza dawa njiani.

Mimi ni mganga msaidizi katika zahanati ya kijiji. Nilisoma chuoni, nikapata cheti. Lakini somo hili nilifundishwa vizuri zaidi na bibi mmoja wa kijijini kwetu.

Bibi huyo analea wajukuu wawili. Siku moja alimleta yule mdogo, anachemka mwili. Nilimpima damu kwa kipimo cha haraka. Alikuwa na malaria. Nilimweka kwenye mizani, akawa na kilo 13. Nikampa bibi vidonge 6 vya dawa mseto. Nikamwambia, "Bibi, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, kwa siku tatu." Foleni ilikuwa ndefu. Nikamwita mgonjwa mwingine.

Siku ya tano bibi alirudi mbio. Mgongoni alikuwa na yule mjukuu mkubwa. Mtoto alikuwa anatupa mikono na miguu, macho yamegeuka. Nilimpa dawa ya dharura, tukatafuta pikipiki, akapelekwa hospitali ya wilaya.

Kumbe ilikuwaje? Mtoto mdogo alimeza vidonge 3, homa ikashuka, akaanza kucheza. Usiku huo kaka yake naye akashikwa na homa. Bibi akafikiri, "Huyu amepona. Vidonge 3 vimebaki. Nimpe mwenzake." Alifanya hivyo kwa upendo. Hakutaka dawa ipotee bure.

Nilipomwuliza, alinijibu, "Mjukuu wangu, uliniambia siku tatu. Hukuniambia kwa nini."

Bibi alisema kweli. Kosa lilikuwa langu. Basi leo ninaeleza kwa nini.

SAFARI YA DAWA MWILINI

Dawa ya kumeza husafiri kwa hatua nne.

Hatua ya kwanza ni kuingia. Kidonge hushuka tumboni, kinayeyuka, kisha kinafika kwenye utumbo. Hapo dawa hupenya ukuta wa utumbo na kuingia katika damu. Kama mgonjwa ametapika mara tu baada ya kumeza, dawa haijaingia. Imetoka nje.

Hatua ya pili ni kusambaa. Damu huibeba dawa mwili mzima, kama mto unavyobeba majani. Dawa haijui ugonjwa uko wapi. Huenda kila mahali: kichwani, miguuni, moyoni. Kwa mama mjamzito, dawa nyingi humfikia mtoto tumboni. Kwa mama anayenyonyesha, dawa nyingine huingia katika maziwa. Ndiyo sababu tunawauliza akina mama, "Je, una mimba? Je, unanyonyesha?" Hatuulizi kwa udadisi.

Hatua ya tatu ni kugeuzwa. Kazi hii kubwa hufanywa na ini. Ini huchukua dawa na kuivunjavunja ili mwili uweze kuitoa. Pombe nyingi huchosha ini na kuliharibu. Ini lililoharibika haliwezi kazi hii vizuri.

Hatua ya nne ni kutoka. Figo huchuja damu, na mabaki ya dawa hutoka kwa mkojo. Mengine hutoka kwa choo. Mzee ambaye figo zake zimechoka hukaa na dawa mwilini muda mrefu kuliko kijana. Kwa hiyo kipimo cha kijana huenda kikawa kingi mno kwa mzee.

Kumbuka maneno manne: kuingia, kusambaa, kugeuzwa, kutoka.

MTUNGI WENYE TUNDU

Sasa chukua mfano wa mtungi. Mtungi huu una tundu dogo chini. Ukitia maji, yanajaa, kisha yanaanza kupungua polepole. Ukitaka maji yabaki katikati ya mtungi, lazima uongeze kata moja kila baada ya muda fulani.

Mwili ni kama mtungi huo. Kata ya maji ni dozi moja ya dawa. Tundu ni ini na figo, zinazoitoa dawa usiku na mchana.

Chora mistari miwili ndani ya mtungi, mmoja chini na mwingine juu. Dawa ikishuka chini ya mstari wa chini, haina nguvu ya kuua vimelea. Ikipanda juu ya mstari wa juu, inaanza kuwa sumu kwa mgonjwa. Kazi yetu ni kuiweka dawa kati ya mistari hiyo miwili mpaka ugonjwa uishe.

Basi, mtu akimeza vidonge vyote kwa mara moja ili apone haraka, mtungi unafurika. Anaweza kudhurika. Mtu akiruka dozi, mtungi unakauka, na vimelea vinapumzika na kuzaana. Ndiyo maana ya maneno "asubuhi na jioni". Ni saa za kuongeza maji katika mtungi.

KWA NINI DAWA MBILI, NA KWA NINI SIKU TATU?

Dawa tunayoitoa kwa malaria ya kawaida huitwa dawa mseto. Kwa kifupi huandikwa ALu. Ndani ya kidonge kimoja mna dawa mbili. Ya kwanza ni artemeta. Ya pili ni lumefantrini.

Artemeta ni mkimbiaji. Inaingia upesi, inaua vimelea vingi upesi, na homa inashuka upesi. Lakini pia inatoka upesi. Baada ya saa mbili au tatu hivi, nusu yake imekwisha kuondoka katika damu.

Lumefantrini ni mlinzi. Inapanda polepole, lakini inakaa siku kadhaa. Kazi yake ni kumaliza vimelea vilivyobaki baada ya mkimbiaji kupita.

Wewe mkulima unayajua magugu yaitwayo ndago. Ukifyeka ndago kwa juu, shamba linaonekana safi. Mpita njia atasema, "Shamba hili limepaliliwa." Lakini mizizi iko chini. Mvua ikinyesha, ndago zinarudi. Homa kushuka siku ya kwanza ni kufyeka ndago. Vimelea vilivyobaki katika damu ni mizizi. Vimelea hivyo huzaana upya kila baada ya siku mbili hivi. Dozi za siku ya pili na ya tatu ndizo zinazojaza mlinzi wa kutosha kung'oa mizizi.

Sasa turudi kwa wajukuu wa bibi. Tufanye hesabu.

Mtoto mdogo alihitaji vidonge 6. Alipata 3. Hiyo ni nusu ya dawa yake.
Mtoto mkubwa tulimpima baadaye, alikuwa na kilo 17. Alihitaji vidonge 12. Alipata 3. Hiyo ni robo tu ya dawa yake.

Kwa hiyo dawa ya mtoto mmoja haikuwatibu watoto wawili. Haikumtibu hata mmoja. Yule mdogo naye homa ilimrudia juma lililofuata.

JINSI YA KUMEZA DAWA MSETO

Dozi ni sita kwa siku tatu. Tuseme mgonjwa ameanza saa 2 asubuhi.

Siku ya kwanza: dozi ya kwanza saa 2 asubuhi. Dozi ya pili baada ya saa 8, yaani saa 10 jioni.
Siku ya pili: saa 2 asubuhi na saa 2 usiku.
Siku ya tatu: saa 2 asubuhi na saa 2 usiku.

Kama huna saa, tumia redio ya jirani, adhana, kengele ya shule au jua. Weka alama ya mkaa ukutani kila unapotoa dozi. Alama zikifika sita, umemaliza.

Idadi ya vidonge hutegemea uzito wa mgonjwa. Kwa vidonge vya kawaida, hesabu ni hii:

Kilo 5 hadi chini ya 15: kidonge 1 kila dozi, jumla vidonge 6.
Kilo 15 hadi chini ya 25: vidonge 2 kila dozi, jumla 12.
Kilo 25 hadi chini ya 35: vidonge 3 kila dozi, jumla 18.
Kilo 35 na zaidi: vidonge 4 kila dozi, jumla 24.

Viko pia vidonge vyenye nguvu zaidi, ambavyo idadi yake ni ndogo. Kwa hiyo usitumie hesabu hii kujitibu nyumbani. Itumie kuelewa kwa nini mgonjwa hupimwa kwenye mizani, na kwa nini dawa ya jirani si dawa yako. Mtoto wa chini ya kilo 5 apelekwe kwa mganga bila kukawia.

Vidonge vingine vya watoto huyeyuka katika maji. Tia kidonge katika maji kidogo safi, koroga, mpe mtoto anywe yote. Kisha suuza kikombe kwa maji kidogo, naye anywe. Dawa iliyobaki kikombeni haimsaidii mtoto.

MEZA NA CHAKULA CHENYE MAFUTA

Ndugu msomaji, hapa watu wengi hukosea. Lumefantrini haiingii vizuri katika damu kama tumbo ni tupu. Inapenda mafuta. Imepimwa, ikaonekana kwamba mtu aliyekula chakula chenye mafuta mengi huingiza lumefantrini mara nyingi zaidi kuliko aliyemeza na maji matupu. Tofauti inaweza kufika mara 16.

Je, ni lazima uchinje mbuzi? Hapana. Kikombe cha maziwa kinatosha. Uji uliotiwa karanga zilizosagwa unafaa. Mboga zilizoungwa kwa mafuta au nazi zinafaa. Mtoto anayenyonya apewe ziwa la mama.

Mgonjwa wa malaria mara nyingi hataki chakula. Mbembeleze ale kidogo. Akikataa kabisa, mpe dawa hivyo hivyo, usiiache. Kisha ampate maziwa au uji mara hamu ikirudi.

Akitapika ndani ya nusu saa baada ya kumeza, dozi hiyo arudishiwe. Nenda zahanati upewe vidonge vya kufidia, ili hesabu isipungue. Akitapika kila anachomeza, hiyo ni dalili ya hatari.

PARASETAMOLI HAIUI VIMELEA

Watu husema, "Nilimeza Panadol, malaria ikaisha." Panadol ni jina la dukani la dawa iitwayo parasetamoli. Parasetamoli hupunguza homa na maumivu. Haiui kimelea hata kimoja. Ni kama kuzima taa nyekundu ya hatari huku injini inaendelea kuungua.

Jambo jingine: dawa moja inaweza kuwa na majina mengi ya dukani. Mtu ananunua Panadol asubuhi, mchana anameza vidonge vya mafua vya jina jingine. Kumbe ndani yake mna parasetamoli ile ile. Mtungi unafurika bila yeye kujua. Mtu mzima mwenye afya asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku moja, mchana na usiku. Parasetamoli ikizidi huharibu ini, nalo ini likiharibika mtu anaweza kufa. Watoto hupewa kidogo zaidi, kwa uzito wao. Basi, soma jina dogo la dawa lililo kwenye pakiti. Hapo ndipo kusoma kunakookoa maisha.

TULIVYOPOTEZA KLOROKWINI

Wazee wanaikumbuka klorokwini. Ilikuwa chungu, na watu wengi iliwawasha mwili mzima. Lakini ilitibu. Ilikuwa rahisi, ikauzwa kila duka. Watu walimeza viwili leo, viwili wakaweka juu ya kabati.

Miaka ya mwisho ya 1970, vimelea visivyouawa na klorokwini vilionekana hapa Afrika Mashariki. Vilienea. Mwaka 2001 Tanzania Bara iliacha klorokwini na kuanza kutumia SP. Nayo SP haikudumu. Mwaka 2006 ikapangwa dawa mseto ichukue nafasi yake.

Vimelea hujifunzaje? Havina akili. Ila katika vimelea vingi, vichache huzaliwa vikiwa vigumu kidogo. Dawa ikiwa kamili, na mlinzi yupo, navyo hufa. Dawa ikiwa nusu, vile dhaifu hufa, vile vigumu hubaki peke yao. Vinazaana. Mbu anamwuma mgonjwa, anavipeleka kwa jirani. Hivyo aliyekatiza dawa nyumba ya juu anaweza kumwachia ugonjwa mgumu mtu wa nyumba ya chini.

Katika miaka hii ya 2020, wataalamu wamekuta Rwanda, Uganda na mkoani Kagera vimelea ambavyo huondoka polepole kuliko zamani mgonjwa anapotumia dawa za jamii ya artemeta. Dawa mseto bado inatibu. Lakini tumeonywa. Mvua ya kwanza ya mawe ikianguka, mkulima hangoji ya pili.

Wengine huuliza juu ya chai ya majani. Ni kweli kwamba artemeta hutengenezwa kutokana na mmea wa jamii ya pakanga. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi yake juu ya mmea huo. Lakini katika kikombe cha chai huwezi kujua dawa ni kiasi gani. Leo ni kidogo, kesho ni kidogo zaidi. Tena mlinzi hayupo. Huko ni kuvifundisha vimelea.

UKIFIKA ZAHANATI

Mwambie mganga mambo haya, hata kama hakukuuliza:
1. Dawa zote unazotumia, na mitishamba pia. Dawa mbili zinaweza kugombana mwilini.
2. Kama una mimba au unanyonyesha.
3. Kama dawa fulani iliwahi kukudhuru.
4. Kama una ugonjwa wa moyo, ini au figo.

Nawe muulize:
1. Je, nimepimwa? Si kila homa ni malaria.
2. Dawa hii inaitwaje, na ni ya nini?
3. Ngapi, saa ngapi, na kwa siku ngapi?
4. Nile nini nayo?
5. Nikiona nini nirudi?

Usione haya kuuliza. Mganga naye asione uzito kujibu. Kama nyumbani yuko mgonjwa mwingine, sema. Yeye naye atapimwa na kupata dawa yake mwenyewe.

DALILI ZA HATARI

Mkimbize mgonjwa zahanati au hospitali mara moja ukiona: degedege, kupoteza fahamu, kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, kupumua kwa shida, kushindwa kukaa au kusimama, macho kuwa ya manjano, viganja kuwa vyeupe, au mkojo mweusi. Hapo vidonge vya nyumbani havitoshi. Mgonjwa anahitaji sindano, na wakati mwingine damu. Usingoje asubuhi.

Wajukuu wa bibi walipona wote wawili. Yule mkubwa alikaa hospitali siku kadhaa, kisha akarudi shuleni. Bibi alipokuja kunishukuru nilimwamkia, nikamwomba radhi. Tangu siku hiyo, nikitoa dawa namwomba mgonjwa anirudishie maneno yangu kwa kinywa chake. Anieleze idadi, saa, na kwa nini. Akikosea, naanza upya. Foleni ingoje kidogo.

Bibi naye sasa ni mwalimu. Juzi nilimsikia kisimani akimweleza mkwe wake habari ya mtungi wenye tundu. Alieleza vizuri kuliko mimi.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI
1. Taja hatua nne za safari ya dawa mwilini.
2. Mgonjwa wa kilo 40 alipewa vidonge 24. Amemeza 12, homa imeisha. Amebakiza dozi ngapi? Afanye nini?
3. Katika nyumba zenu, ni chakula gani chenye mafuta kinachopatikana msimu huu?
4. Kwa nini aliyekatiza dawa anaweza kumdhuru jirani yake?

MANENO MAPYA
Dozi: kiasi cha dawa cha kumeza kwa mara moja.
Vimelea: viumbe vidogo sana vinavyoishi ndani ya mtu na kumletea ugonjwa.
Dawa mseto: dawa mbili au zaidi zilizochanganywa zitibu pamoja.
Figo: viungo viwili vya mwili vinavyochuja damu na kutengeneza mkojo.